Bondia Niliyemnyima Hatua za Nyuma

Vijana wangu, juzi nilikaa kwenye benchi la ukumbi wenu nikawatazama mkifanya mazoezi, na sikusema neno. Najua mlidhani mzee amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa naitazama miguu yenu. Ngumi zinatazamwa na watu waliokaa kwenye viti. Mtu wa kona hutazama miguu, maana ngumi hudanganya lakini mguu haujui uongo. Kati yenu nilimwona mmoja, simtaji, ambaye akienda mbele ni simba, na wenzake wanampigia makofi. Lakini aliposukumwa kidogo tu visigino vyake viligongana, mikono ikashuka, kidevu kikapanda juu kama cha mtu anayechungulia ukuta. Nilirudi nyumbani na uzito moyoni. Ndiyo sababu ya maneno haya.

Mchana nilikuwa mfunga mizigo kwenye ghala la reli hapa Dodoma, enzi za Mwingereza. Lakini kazi iliyonizeesha ni ile ya kona: kufunga mikono ya watu vitambaa, kuwapaka samli kwenye nyusi ili ngumi iteleze, kuwapa maji ya kusukutua, na kuwaambia maneno machache ndani ya dakika moja. Dakika moja, vijana. Ukimwambia bondia mambo matatu, atasahau manne.

Kabla ya kuwa mtu wa kona nilipigana mwenyewe. Mara sita. Nne nilishindwa. Sikuwa na nguvu, nilikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, kwa hiyo nilijifunza kurudi nyuma. Nilikuwa narudi vizuri kweli. Mtu angenifuata ulingo mzima asinipate, na akichoka namchoma jabu mbili tatu, zile ngumi za kunyoosha mkono wa mbele. Watu hawakupenda. Walilipa kuona watu wawili wakipigana, wakaona mmoja anafukuza na mwingine anafukuzwa. Wakanipa jina: Kinyumenyume. Nikipita sokoni wachuuzi wa karanga wanatembea mbele yangu wakirudi nyuma huku wameinua ngumi, watoto wanacheka. Hata fundi kinyozi wangu alipokuwa ananinyoa aliuliza aanzie nyuma ama mbele. Mnacheka? Nami nacheka leo. Wakati ule jina hilo liliniingia kama mwiba wa mgunga, na mwiba wa mgunga ukikatikia ndani unaota usaha. Shikeni jambo hilo, maana ndilo lililomponza mtu ninayetaka kuwasimulia.

Aliitwa Ramadhani. Alikuwa Mrangi wa Busi, kule kwenye vilima vya Kondoa, mtoto wa wakulima wa mtama na uwele. Alikuja Dodoma kutafuta kazi ya upagazi ghalani kwetu, na siku ya kwanza alishuka ngazi ya ubao kutoka kwenye behewa na gunia la karanga mgongoni akiwa anakimbia. Wenzake walikuwa wanatembea, yeye alikimbia. Nikamuuliza, "Bwana mdogo, unafukuzwa na nani?" Akajibu bila kusimama, "Kaka, gunia likikaa mgongoni ndiyo linakuwa zito."

Huyo ndiye Ramadhani. Hakuwa na kishindo cha maneno, alikuwa mpole, anaswali swala zake, anakunywa maziwa mgando badala ya pombe. Lakini ukimvalisha glovu na kumwonyesha mtu mbele yake, alikwenda. Anakwenda kama maji ya korongo mvua ikinyesha juu mlimani. Kichwa chini, mabega yanayumba, hatua moja, ngumi ya tumbo, hatua nyingine, ngumi ya mbavu. Waliopigana naye walisema hawaumii sana kwa ngumi zake, ila hawapati nafasi ya kuvuta pumzi. Ndani ya mwaka mmoja na kidogo alishinda mara tisa. Alipigana na askari polisi, na mafundi wa reli kutoka Tabora na Morogoro, na mtu mmoja wa Iringa aliyekuja na wapiga ngoma wake, wakaondoka kimya.

Na mimi ndiye niliyemfundisha. Watu walioniita Kinyumenyume sasa walinisalimia kwa jina langu. "Habari, Mwalimu Yohana." Nilikuwa nalala nikitabasamu.

Sasa niwaambie kuhusu Sajini Kalembo, maana bila yeye nisingejua nilichokosea. Alikuwa Myao, askari mstaafu aliyepigana Burma, na alibaki Dodoma kwa sababu alioa hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya kona. Alinifundisha kumfunga mtu mkono ngumi ikiwa imekunjwa nusu, siyo wazi, ili kitambaa kisizuie damu akikunja. Alinifundisha kumnusa bondia anaporudi kwenye kiti, maana mwenye hofu hunuka tofauti na mwenye uchovu. Nilidhani ni uchawi wa kijeshi mpaka pua yangu yenyewe ilipojifunza.

Siku moja Sajini alikuja kutazama mazoezi yetu nyuma ya ghala. Ramadhani alikuwa anaupiga mfuko wa mchanga, kila ngumi na hatua mbele, mpaka mfuko umelala kwenye ukuta. Nikamwambia Sajini, "Shikamoo, Afande. Unamwonaje?"

"Marahaba. Namwona vizuri. Akienda hakuna wa kumzuia." Akawasha kiko chake. "Na akirudi?"

"Huyu harudi, Afande."

"Kila mtu hurudi. Burma tulirudi nyuma mara nyingi kuliko tulivyokwenda mbele, ndiyo maana niko hapa nakunywa chai yako. Yohana, mtu anayezoea kusukuma, siku akisukumwa anakuwa mtoto mchanga. Nguvu za ngumi yake zinatoka kwenye ile hatua ya mbele. Mwondolee hatua, ngumi inabaki mkono mtupu. Tena anapumzika pale mwenzake anapokimbia. Akikimbia yeye, atapumzika lini?"

Nikasema, "Basi tutafanya mazoezi."

"Wewe unao ujuzi huo kuliko mtu yeyote katika mji huu. Mfundishe."

Vijana, hapo ndipo nilipojibu neno ambalo nimelijutia maisha yangu yote. Nilisema, "Ujuzi gani, Afande? Wa kukimbia?" Nikacheka. Sajini hakucheka. Alimaliza chai, akashika fimbo yake, akaenda zake.

Sikumfundisha. Siyo kwamba nilisahau. Nilikuwa naona haya. Nilifikiri nikimwonyesha Ramadhani hatua zangu za nyuma, siku moja atazitumia ulingoni, na mtu mmoja kule nyuma atapiga kelele, "Kinyumenyume!" na kila kitu kitarudi. Nikajidanganya kwamba namlinda. Kumbe nalilinda jina langu.

Wakati ule Kongwa kulikuwa na mashamba makubwa ya karanga ya serikali ya Mwingereza, na yaliwaleta watu wa kila kabila. Humo kulikuwa na dereva wa trekta, Mnyasa, aliyeitwa Mwale. Tulisikia habari zake kwa wapagazi: mfupi, mpana, shingo hana, kichwa kimewekwa tu juu ya mabega. Ikapangwa apigane na Ramadhani raundi sita, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja karibu na reli.

Asubuhi ya siku hiyo tuliwapima kwenye mizani ya duka la Bwana Premji, Mhindi aliyeuza nafaka, kwa sababu mizani nyingine ya kuaminika hatukuwa nayo. Mizani ile ilikuwa ya kupimia magunia, bondia ilibidi akae kwenye ubao uliofungwa kwa minyororo, miguu juu kama kuku anayepelekwa mnadani. Bwana Premji alivaa miwani, akasogeza jiwe, akatangaza uzito wa Ramadhani kwa sauti ya dukani, "Huyu ratili mia na hamsini na nne. Safi, hana mawe ndani." Watu wote wakacheka, hata Mwale. Nilimtazama Mwale akicheka nikaona hana hofu hata chembe. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakimtazama Ramadhani kama wanavyotazama ng'ombe dume aliyekata kamba. Huyu alimtazama kama mtu anayepima mlango, kama kabati litapita.

Mke wa Ramadhani, Mwajuma, alikuwa nje ya duka na kitenga cha vitumbua kichwani. Aliniita pembeni. "Shemeji, yule mtu simpendi anavyotazama."

"Usiwe na wasiwasi. Mumeo atamsukuma mpaka Kongwa."

"Na asiposukumika?"

Nikanunua vitumbua viwili.

Ulingo ulikuwa mbao zilizopangwa juu ya mapipa, kamba za katani zimefungwa kwenye nguzo nne. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ulikuwa unaleta vumbi jekundu, tukamwaga maji kuzunguka ulingo mara tatu. Refa alikuwa Mzungu mmoja wa ofisi ya wilaya, mtu wa haki, aliyejua Kiswahili. Sajini Kalembo alikaa kwenye kiti cha mbele upande wetu.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Ramadhani. Alikwenda kama kawaida na Mwale akampisha, akizuia kwa viwiko. Watu wanaimba. Alipokaa kwenye kiti nilimwambia, "Hivyo hivyo. Mbele." Nilimnusa, alikuwa sawa.

Raundi ya pili kengele ilipolia Mwale hakusubiri. Alitoka kwenye kona yake akiwa ameinama, akafika katikati kabla ya Ramadhani, akamwekea bega kifuani na kusukuma. Hakupiga kwanza, alisukuma tu. Ramadhani akarudi hatua moja. Nikaona mguu wa kushoto, ule wa mbele, ukiinuka kwanza na kuja kukaa karibu na wa kulia. Vijana, hilo ndilo kosa. Akasimama miguu imekutana, kama mtu aliye juu ya kigoda. Hapo ndipo Mwale alipompiga, ngumi mbili fupi, na Ramadhani akarudi tena, wima, moja kwa moja, mpaka kamba ikamgusa mgongo.

Watu wakainuka kwenye viti. Hawakuwahi kumwona Ramadhani akirudi.

Alijaribu kurusha ngumi akiwa anarudi, na zile ngumi, zilizowanyima watu pumzi, zilikuwa kama makofi ya mtu anayefukuza nzi. Kichwa chake, ambacho siku zote kilikuwa chini nyuma ya mabega, kilikuwa juu. Alikuwa anamtafuta Mwale kwa macho, kwa sababu macho yake yamezoea kumwona mtu akienda mbali, siyo akija. Kila alipopata nafasi kidogo alijitupa mbele kwa hasira, na Mwale alikuwa anasubiri hilo, anamsimamisha kwa ngumi ya kulia, kisha bega, na safari ya kamba inaanza upya.

Alirudi kwenye kiti anahema. Nilimpa maji. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema "mbele" aliponitangulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia mjini, "Kaka Yohana, nikirudi nianze na mguu upi?"

Nilijua. Hata usingizini ningejibu. Mguu wa mbele unasukuma ardhi, wa nyuma unatangulia kwenda, wa mbele unafuata, nafasi ya miguu haibadiliki. Hatua mbili tu, ya tatu unatoka pembeni, adui anapita kama basi lisilo na breki. Maneno hayo yanasemwa kwa muda wa kunyonya chungwa. Labda yasingemsaidia, mwili haujifunzi kwa dakika moja. Labda yangemsaidia. Sitajua mpaka kufa.

Nilimwambia, "Hakuna kurudi. Nenda mbele."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini. Akaenda.

Raundi ya tatu na ya nne sitaki kuzisimulia zote. Alikwenda mbele akapigwa, akarudishwa akapigwa. Hakuanguka. Laiti angeanguka! Mtu aliyezoea kukimbia na magunia, miguu yake haikujua kukunjika. Mwisho wa raundi ya nne jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Kidole gumba cha glovu ya Mwale kilikuwa kimeingia humo, wala siyo kwa hila, glovu zile kuukuu zilikuwa na dole gumba linalocheza. Nilibandika kitambaa cha maji baridi. Nikasikia fimbo inagonga mbao chini yangu. Ilikuwa ya Sajini.

"Yohana. Taulo."

"Bado ana nguvu, Afande."

"Nguvu anazo. Taulo."

Lilikuwa begani kwangu; nikilitupa ulingoni, pambano linakwisha. Nilikuwa naona nyuso za watu, wachuuzi wa karanga, wapagazi, wote wanaoniita Mwalimu. Refa naye alikuja kwenye kona, akainama, akamtazama Ramadhani, kisha akanitazama mimi. "Anaweza kuendelea?"

Nikasema, "Anaweza."

Aliendelea raundi mbili. Alishindwa kwa pointi, amesimama wima, na watu wakampigia makofi marefu kuliko siku zote alizoshinda. Mwale alikuja kumkumbatia akaniambia, "Mwalimu, mtu wako ni jiwe." Nami nilijivuna. Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilijivuna.

Uvimbe ulishuka baada ya wiki. Ramadhani akarudi kazini. Siku ya kwanza akaniambia kuna kitu kama pazia kwenye jicho la kushoto, linashuka kutoka juu. Tulikwenda hospitali. Daktari alimulika, akasema tungekuja mapema kungekuwa na la kujaribu kwenye mji mkubwa huko pwani, sasa pazia limeshashuka. Siku nyingine Ramadhani alipanda ubao wa behewa na gunia, akikimbia kama kawaida, na mguu wake ukakanyaga hewa. Mtu wa jicho moja hajui ubao unaishia wapi. Hakuvunjika, lakini msimamizi wa ghala alimwita ofisini kwa upole, na mwisho wa mwezi Ramadhani na Mwajuma walipanda lori la kwenda Kondoa na mizigo yao miwili.

Nikaacha ngumi. Nilimwambia Sajini sirudi tena kwenye kona ya mtu. Akasema, "Ukiacha, nani atawaambia wengine? Mimi nimezeeka. Lakini kabla hujamfundisha mtu mwingine, nenda kwanza Busi." Hakusema zaidi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kupata ujasiri.

Nilipanda lori mpaka Kondoa, nikatembea siku iliyobaki kupanda vilimani, naulizia njia. Ilikuwa baada ya mavuno. Nilimkuta Ramadhani uani anapura mtama kwa fimbo, na Mwajuma anapepeta kwa ungo. Aligeuza kichwa chote ili anione kwa jicho la kulia. Akatupa fimbo, akacheka, "Kaka Yohana! Karibu, karibu nyumbani!" Akanipa kigoda, maji, maziwa. Mwajuma alinisalimia, "Shemeji, za huko," bila kuacha kupepeta.

Nikaweka maziwa chini. Nikasema, "Ramadhani, sikuja kusalimia tu. Siku ile uliniuliza mguu upi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa najua jibu. Nilijua tangu siku ya kwanza unaingia ghalani. Sikukufundisha kwa sababu watu walikuwa wananicheka kwa hatua hizo. Nilikunyima."

Ungo wa Mwajuma ulisimama. Kuku walikuja kudonoa chenga miguuni pake, hakuwafukuza.

Ramadhani akainuka, akafuta mikono kwenye shuka, akasimama katikati ya ua, mguu wa kushoto mbele, ngumi juu. "Basi nionyeshe."

"Sasa hivi?"

"Umetoka Dodoma, Kaka. Nionyeshe."

Nikavua viatu. Tukasimama kwenye sakafu ya udongo iliyofagiliwa, mimi na yeye, na nikamwonyesha. Sukuma kwa mguu wa mbele. Wa nyuma utangulie. Kidevu chini, hata kama unarudi, hasa kama unarudi. Usiruke, teleza. Moja, mbili, toka pembeni. Mara ya kwanza miguu ilikutana. Mara ya pili pia. Nikamwekea bega kifuani nikamsukuma kama Mwale alivyofanya, na mara ya tano au ya sita, alisukuma ardhi, akateleza moja, mbili, akageuka pembeni, nami nikapita na kubaki natazama ukuta wa nyumba. Nilipogeuka ngumi yake ilikuwa imesimama kando ya sikio langu, haijanigusa.

Akaishusha. Akaitazama miguu yake, kisha mimi, na hakuwa na hasira hata kidogo, vijana, ingekuwa nafuu. Alikuwa anashangaa.

"Ni jambo jepesi hivi?"

Mwajuma aliinua ungo wake akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka.

Ramadhani alinisindikiza mpaka njia panda. Alisema amenisamehe, na nadhani ni kweli, alikuwa mtu wa namna hiyo. Mimi sijaomba nisamehewe na yule mama, kwa kuwa sikuona haki ya kumwomba.

Nilirudi kwenye kona, na tangu hapo kila aliyekuja kwangu alianza kwa kurudi nyuma. Wiki tatu za kwanza hakuna mfuko wa mchanga. Nilichora mistari miwili kwa chokaa kwenye sakafu, mguu wa kushoto uishi kwenye mmoja, wa kulia kwenye mwingine, na anayevusha mguu ananunua chai. Niliwafunga kamba ya katani kiunoni nikawavuta kutoka nyuma bila kuwaambia, wajue kupoteza mizani na kuirudisha. Wale wa kusukuma, wale simba, niliwapa watu wazito zaidi yao wawasukume mpaka waudhike. Walioona ni aibu waliondoka. Waliobaki niliwaambia jina langu la zamani mwenyewe, kabla hawajalisikia sokoni.

Na kuhusu taulo nina neno moja tu, na nitalisema kwa kisa cha Petro.

Petro alikuwa Mgogo mwenzangu, wa Hombolo, msukumaji hodari, na kurudi alijua pia, nilimfundisha mimi. Jumamosi moja alipigana na mtu wa Singida. Raundi ya tatu alichoka, na nikaona mguu wa mbele ukiinuka kwanza. Mara moja tu. Mguu unaoujua ukweli ukianza kusahau, ujue kichwa kimeshaondoka. Hakuwa ameanguka, hakuwa na damu, tena alikuwa anaongoza. Nikatupa taulo.

Uwanja ulizomea. Petro alinijia usoni, glovu bado mkononi, akipiga kelele, "Umenifedhehesha mbele ya wakwe zangu, mzee! Nilikuwa nashinda!" Baba mkwe wake alikuwa kweli kwenye kiti cha mbele, amevaa kanzu mpya. Petro alivua glovu akazitupa miguuni pangu, na hakupigana tena, wala hakunipa mkono tena. Aliajiriwa na reli akawa dereva wa treni, akaendesha mpaka akastaafu. Wajukuu anao. Tunasali kanisa moja. Nikifika mapema anakaa benchi la mbali.

Mwezi uliopita tulikutana mnadani uso kwa uso, hakuna pa kupishana. Nilimsalimia. Hakuitikia. Alisimama akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, na kutoka viatu mpaka kofia, ananichukia kwa macho mawili, yote mazima.